Cessna 172S kwa safari ya kwenda kula: uchambuzi wa ndege na kazi yake

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo tunaichambua Cessna 172S kwa kazi moja tu, nayo ni kumtoa rubani na wenzake katika uwanja wao, kuwafikisha kwenye uwanja mdogo wa mkoani ambako chakula cha wenyeji kinasifiwa, kisha kuwarudisha salama wakiwa wameshiba. Wachambuzi wengi huipima ndege hii kwa mwendo wake wa angani. Mimi nashikilia kwamba ndege ya kwendea mlo hupimwa katika safari ya kurudi, kwa sababu hapo ndipo joto la mchana, uzito na uzito wa macho baada ya kula hukutana kwa wakati mmoja.

Familia ya 172 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000, idadi ambayo haijafikiwa na aina nyingine yoyote ya ndege. Kwa anayetua kwenye viwanja vidogo, idadi hiyo ina maana: fundi utakayemkuta huko huenda ameshaishika ndege kama hii. Toleo la S lina viti 4, bawa lililo juu ya vichwa vya abiria, na injini ya Lycoming yenye silinda 4 na nguvu za farasi 180. Milango ni miwili, kulia na kushoto, kwa hiyo mgeni mzee hupanda akitokea chini moja kwa moja, tofauti na ndege ndogo ya Piper PA-28, yenye bawa la chini, ambayo ina mlango mmoja wa kulia na huwalazimu wote kukanyaga bawa. Bawa hilo la juu pia halimzibii abiria mandhari ya chini, na mkiwa mmeegesha huwapa kivuli mnapofunga kamba za ndege. Mwendo wake ni kiasi cha kilomita 220 kwa saa. Mji ulio saa moja kutoka kwenu unafikika kwa mlo wa mchana bila haraka.

Sasa tuje kwenye njia ya kurukia, ambako naona watu hawatazami vya kutosha. Kitabu cha ndege kinaonyesha kwamba, ikiwa imejaa hadi kikomo cha uzito, usawa wa bahari, katika nyuzi 15 za joto na bila upepo, 172S hutua na kusimama kwa takriban mita 175 tangu magurudumu yaguse ardhi, lakini huhitaji takriban mita 290 kuacha ardhi, na karibu mita 500 hadi ivuke kizuizi chenye kimo cha mita 15. Kwa maneno mengine, ndege hii inaweza kukuingiza mahali ambapo haitaweza kukutoa. Mlitua asubuhi hewa ikiwa baridi na nzito. Mnaondoka saa nane mchana, hewa imepashwa joto na kupungua uzito, injini inapata nguvu kidogo na bawa linabebwa kwa shida zaidi. Hesabu ya kuruka mchana inapaswa kufanywa kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na kusoma NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, za uwanja mnaouendea.

Kuhusu uzito, kikomo cha kuruka ni kilo 1,157, na ndege nyingi za toleo hili huacha takriban kilo 390 za watu, mizigo na mafuta, ingawa kila ndege ina karatasi yake ya uzito na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Matangi yakijaa, lita 200 zinazotumika huchukua kilo 144, na watu wazima 4 wenye miili ya kawaida hawatoshi tena. Habari njema ni kwamba safari ya kula haihitaji matangi yaliyojaa: injini hunywa kiasi cha lita 35 kwa saa, kwa hiyo saa moja ya kwenda, saa moja ya kurudi na akiba ya saa nzima vinatimia kwa lita 105. Napenda mpango huo kwa sababu haumtegemezi rubani kwenye pampu ya ugenini. Vifurushi vya chakula mnavyorudi navyo vipimwe kama mizigo mingine na vifungwe nyuma, ambako kikomo ni kilo 54.

Kasoro kubwa ya toleo hili kwa kazi yetu iko kwenye kuwasha injini ya moto. Mafuta hufika kwenye silinda kupitia mirija myembamba inayopita juu ya injini. Injini ikizimwa, hewa ya kuipoza hukoma, joto hupanda, na mafuta yaliyomo ndani ya mirija hugeuka mvuke. Muda wa mlo mmoja ndio hasa unaotosha kuleta hali hiyo: injini haijapoa, na mirija haina mafuta. Iegesheni pua ikielekea upepo, fungueni kile kifuniko kidogo cha kupimia oili ili joto litoke, kisha kabla ya kuwasha kifungeni na kufuata hatua za injini ya moto zilizomo kitabuni, mkiipa starta nafasi ya kupoa kila inaposhindwa. Matoleo ya zamani yenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, huwaka kwa urahisi zaidi baada ya mlo, ila yana hatari ya barafu ndani ya kabureta.

Na tumbo nalo lina hesabu yake. Katika kimo cha mita 2,400 gesi hutanuka kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo maharage na soda vilivyokuwa vitamu mezani humsumbua abiria angani, hasa katika mitikisiko ya mchana. Rubani ale kiasi na anywe maji. Pombe asiiguse kabisa, hata tone.

Hukumu yangu ni kwamba kwa watu wawili au watatu, mlo wa mchana, na njia ya kurukia yenye mita 800 au zaidi, sioni ndege ya mafunzo inayoizidi 172S. Kwa watu wazima 4 tafuteni ndege yenye injini kubwa zaidi. Kwa mlo wa jioni siipendekezi, isipokuwa viwanja vyote viwili vina taa zinazofanya kazi, rubani ana mazoezi ya karibuni ya kuruka usiku, na akiba ya mafuta imeongezwa kabla ya kuondoka nyumbani.