Vaxchora: chanjo ya kipindupindu iliyoondolewa sumu ya kirusi

Vaxchora ni chanjo ya kipindupindu inayonywewa mara moja tu, na ndani yake mna bakteria hai. Uhai huo ndio uliofanya, nilipoitathmini, nisiridhike na maswali ya kawaida kuhusu ladha na urahisi, kwa sababu asili ya bakteria huyu haikuwa na sumu inayoua. Sumu hiyo aliletewa na kirusi.

Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na CTXφ, kirusi chembamba kama uzi kinachoambukiza bakteria. Humwingia bakteria kwa kushika vinyweleo vilevile vinavyomsaidia kustawi utumboni, na badala ya kumuua hujipachika katika kromosomu yake, kikarithiwa kila anapogawanyika. Bakteria aliyekuwa hana sumu hugeuka mtengenezaji wa sumu inayozifanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi hadi mgonjwa akaukiwe maji katika muda wa saa chache.

Ukilijua hilo, ustadi wa chanjo hii unaonekana waziwazi. Sumu ina sehemu mbili: B hushika seli, A huingia ndani na kuleta madhara. Watengenezaji wa aina iitwayo CVD 103-HgR walimchukua bakteria wa kipindupindu wa aina ya zamani aitwaye 569B, wakakata sehemu kubwa ya jeni ya A katika nakala zake zote mbili, wakaiacha B. Mwili hufundishwa kumtambua adui pasipo kudhurika. Katika majaribio ambapo watu waliojitolea walinyweshwa bakteria halisi, kinga dhidi ya kuhara kwa kiwango cha kati hadi kikali ilikuwa takriban asilimia 90 siku ya 10, na takriban asilimia 80 baada ya miezi 3. Kwa dozi moja, hayo ni matokeo ya kuheshimiwa.

Swali linalobaki ni kama kirusi kinaweza kurudisha kilichokatwa. Bakteria wa chanjo akikutana na CTXφ utumboni, kimsingi anaweza kuambukizwa upya. Kinachonituliza ni kwamba hukua kwa udhaifu na hakai muda mrefu, na kwamba nakala za kirusi zilizomo katika bakteria wa aina yake ya zamani hazitoi virusi vipya. Hata hivyo naona waliotengeneza Peru-15, chanjo nyingine hai ya majaribio, walifikiri mbele zaidi: walifuta hata mahali ambapo kirusi hujipachika. Kwa msafiri mmoja hatari hii ni ndogo mno, lakini kwa chanjo hai ya kutumiwa na umma mkubwa katikati ya mlipuko, ningependa kinga ya namna hiyo iwepo.

Utayarishaji unahitaji utulivu. Unga wa kupunguza asidi ya tumbo hutangulia katika mililita 100 za maji safi ya chupa, kisha ndipo bakteria huongezwa na kukorogwa kwa angalau sekunde 30. Ukigeuza mpangilio, dozi hiyo imeharibika. Chembechembe chache zisizoyeyuka ni kawaida. Kinywaji kimalizwe ndani ya dakika 15, na usile wala usinywe kwa dakika 60 kabla na baada. Aliyetumia antibiotiki katika siku 14 zilizopita asinywe, maana dawa hizo zinaweza kumuua bakteria kabla hajafanya kazi.

Chanjo hii inalenga kundi moja tu la bakteria wa kipindupindu, liitwalo O1, na haijathibitishwa dhidi ya kundi jingine, O139, lililojitokeza mwaka 1992. Naipendekeza kwa dhati kwa anayesafiri akiwa na siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Mwenye upungufu wa kinga mwilini azungumze kwanza na daktari kuhusu chanjo zenye bakteria waliouawa.