Uzoefu wangu na dizaina mmoja hapa Mtwara: nembo tamu, bango aibu

Hili jambo nimekaa nalo moyoni toka msimu wa korosho unaanza, leo acha niandike. Kampuni yetu iliandaa mashindano ya kodingi, siku mbili vijana wanakesha wanatengeneza programu, mimi nikakabidhiwa muonekano wote, nembo, rangi, bango, fulana, stika za laptop. Nikaenda kwa mzee mmoja wa dizaini na kuprinti maeneo ya sokoni, jina simtaji.

Haki yake nampa kwanza. Nilimwambia sitaki roboti wala balbu, nataka kitu mtu wa Kusini akikiona ajue hiki chetu. Akageuza risiti, akachora kwa penseli korosho mbili zinatazamana, migongo nje matumbo ndani. Mabano! Yale yale tunayoandika kila siku kwenye programu, na katikati akaacha nafasi ya jina. Mwili ulinisisimka jamani, nikalipa advansi hapo hapo.

Sasa bango. Mita tatu, limeletwa jioni ya kuamkia shughuli, nalikunjua pale ofisini Shangani nakuta korosho zina ngazi ngazi pembeni kama tofali zilizopangwa vibaya, zimekaa ndani ya kiboksi cheupe juu ya kijani, na kijani chenyewe kilichokuwa kinawaka kwenye simu kimegeuka maji ya kisamvu. Kumbe kachukua ile picha ya JPG, ya vidoto vidoto, aliyonitumia WhatsApp nione sampo, ishabanwa huko, akaivuta tu mpaka ikajaa! Nembo ya bango inachorwa kwa vekta, yaani kompyuta inashika mistari yenyewe sio vidoto, hiyo hata uivute ukuta mzima haipasuki. Na rangi ya kwenye skrini ni mwanga, ya mashine ni wino, kuna kijani wino hauwezi kukifikia kabisa, ndio maana unamprintia mteja kipande kidogo aone kwanza. Mtu wa kazi hiyo hayo hafundishwi na mteja.

Nikarudi dukani, shikamoo yangu kaipokea nusu nusu, namwonyesha ananijibu mbele ya wateja, "Wewe binti, watu watasoma maandishi au watahesabu vidoto? Mbona wenzako hawalalamiki." Ni rika la baba yangu, nikanyamaza, ila mikono ilikuwa inatetemeka.

Hapa nilitaka niandike msiende kabisa. Lakini kijana wake wa mashine alinifuata nje, "Dada nisamehe, niachie namba, naichora upya usiku huu." Na kweli akaichora, nukta kwa nukta, asubuhi fulana zimetoka korosho zina kingo laini mpaka raha, juzi tu nimeiona moja imevaliwa na bodaboda kule Mikindani nikafurahi kama mtoto. Bango tulilitundika upande wa jikoni.

Kwa hiyo nyota mbili. Au tatu, kwa sababu lile wazo la mabano sijaona mwingine wa kunipa. Hapana, mbili, maana faili la vekta liko kwenye kompyuta ya duka na mzee kagoma kunipa, anasema nililipia kuprinti sio mchoro, na mwakani tunataka nembo hiyo hiyo. Ukienda kwake kubalianeni faili mapema, kabla hujatoa hata shilingi, halafu mwulizie yule dogo wa mashine.