Marekani ya mito ya sufi, nimenunua mita sita Darajani

Jamani mnaotafuta kitambaa cha mito ya sufi, acheni bafta, chukueni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, lakini marekani ya kweli. Mwaka jana duka moja waliniuzia kitu wakaniapia ni marekani kumbe kina nailoni ndani, miezi miwili tu sufi ikaanza kutoka kwenye mshono, nyumba nzima manyoya mpaka ndani ya chai. Safari hii nimeenda kiduka kidogo nyuma ya soko la Darajani, Unguja, mzee mwenyewe akachomoa uzi pembeni ya jora akauchoma na kiberiti mbele yangu, ukawa jivu linanuka karatasi iliyoungua, haukuyeyuka wala kufanya kidonge. Nikamwambia mzee wangu nikatie mita sita.

Sio cheupe pepepe, ni rangi ya maziwa, ukikisogeza machoni unaona vidoadoa vya maganda ya mbegu za pamba, na kikiwa kipya kigumu sababu ya wanga. Kifueni kabla ya kumpelekea fundi maana kinanywea, changu kimepungua karibu kiganja kizima.

Halafu huyo mzee ndo kanifungua macho kuhusu jina, nikaenda kusoma na mwenyewe. Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, na Wamarekani waliwekeana mkataba wa biashara Muscat, 21 Septemba 1833, Rais Andrew Jackson alimtuma Edmund Roberts, ushuru ukawa asilimia 5 tu. 1837 akafika Unguja konsuli wao, Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari jimbo la Massachusetts, na meli za hukohuko Salem ndo zikawa zinaleta kitambaa hiki kutoka viwanda vya jimbo hilo, zikirudi zimebeba pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. 1840 Seyyid nae akapeleka meli yake Sultana mpaka New York na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, Wamarekani wakaikarabati bila kudai hata senti. Huku bara marekani ikawa ndo pesa yenyewe, misafara inalipa kwa shuka na doti, shuka mikono minne, doti mikono minane.

Ila inaniuma, maana pamba ile walivuna watumwa kusini mwa Marekani, na zile pembe zilifika pwani mabegani mwa watu ambao wengine hawakuwa huru. Hilo nalo tuliseme tukisifia kitambaa.

Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vikakata pamba, kitambaa cha Uingereza na India kikachukua nafasi, na hili jora langu pia mzee kasema limetoka India, jina tu limebaki.

Bei elfu nne na mia tano kwa mita, sio rahisi lakini mzee anapima kwa haki na ananyoosha kitambaa taratibu bila kukivuta. Mito minne imeshashonwa, wiki ya sita hii naipiga kila asubuhi, hata unyoya mmoja haujatoka. Ijumaa mchana msiende, anafunga duka.