Boti ya mfereji wa Saen Saep kule Bangkok, naipa nyota 4 juu ya 5

Wadada wa biashara hapa Goma kila siku wananiuliza nilifanyaje kukaa Bangkok siku 9 na dola 25 kwa siku, kulala, kula na kutembea zote ndani (pesa ya kununua vitu niliiweka kando, hiyo sikuigusa). Jibu ni boti. Si zile za watalii za kwenye mto mkubwa, hapana, ni ile ya mfereji wa Khlong Saen Saep yenye wanapanda wafanyakazi na wanafunzi na wamama wa soko, na mpaka leo sielewi kwa nini watu wetu wanaoenda kule hawaambiani.

Bangkok ni mji wa foleni. Gari inaweza kusimama sehemu moja dakika 20 na wewe unaangalia tu mita ya taksi inapanda. Treni za juu ni safi na zina baridi nzuri lakini ukipanda mara nne kwa siku pesa inaisha bila kujua imeendea wapi. Sasa ule mfereji unakata mji katikati, kama kilomita 18, kuanzia Panfa pale mji wa zamani mpaka mashariki kabisa, ulianza kuchimbwa mwaka 1837 wakati wa mfalme Rama III ili kupeleka askari na silaha vitani, na hizi boti zinabeba watu tangu 1990. Kwa maji hakuna foleni. Na mimi sikulipa zaidi ya bati 20 (bati njo pesa ya kule) kwa safari hata siku moja, wakati dola moja walinipa bati 32 na kitu, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe.

Kwa mtu wa biashara, vituo ni kama vimepangwa kwa ajili yako. Bobae kuko soko la nguo la jumla, unateremka unaingia moja kwa moja. Pratunam njo kule kwenye Platinum, jumba kubwa la maduka ya nguo, ukichukua vipande 3 tu tayari wanakupa bei ya jumla. Nana kuko mitaa ya Waarabu na Waafrika, chakula cha halali hautafuti. Na ukiwa unapita karibu na Hua Chang angalia vizuri ng'ambo ya pili, kuko mtaa wa Ban Krua, Waislamu wenye asili ya Cham, kabila la upande wa Kambodia na Vietnam, mababu zao walikuwa wafumaji wa hariri na leo wamebaki wachache tu wanaofuma, na msikiti wao uko karibu na maji.

Kupanda sasa. Boti haisimami, inagusa tu. Inakuja na kelele za injini, kijana mwenye kofia ngumu kama ya motari anarusha kamba, boti inajigonga kwenye matairi ya zamani yenye wamefunga pale kituoni, na hapo hapo watu wanaruka nje na wengine wanaruka ndani. Hakuna mlango, unapita juu ya ubavu wa boti, unashika kamba, unaweka mguu kwenye benchi, unashuka ndani. Siku ya kwanza nilisita kidogo tu ikaniacha. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja mzee na mfuko wake wa mboga, boti iliyofuata ilipofika akanishika hapa juu ya kiwiko akanivuta naye, hatukuwa na lugha hata moja ya kuongea lakini hakukaa mpaka aone mimi nimekaa. Yule mama sitamsahau.

Yule kijana wa kamba njo anakusanya pesa pia, na anatembea kwa nje, juu ya ukingo wenye upana wa kiganja, boti ikiwa inakimbia! Ile kofia ni kwa sababu ya madaraja, mengine yako chini sana mpaka paa la boti linashushwa na wote mnainama. Anakupa katikiti kadogo, usikatupe, ukifika Pratunam unabadilisha boti na kale kale kanaendelea.

Juu ya maji nitasema ukweli, ni meusi na yananuka, hasa mchana jua likiwa kali. Sisi tumezoea ziwa letu la Kivu, lenye unaona mawe chini. Mwisho wa kila benchi kuko kamba ya kuvuta turubai, ukikaa pale kazi ni yako, boti nyingine ikikaribia vuta, ikipita achilia, ukichelewa benchi nzima inalowa. Usivae nguo nyeupe.

Na sisi wa Goma, tangu ile boti ya kutoka Minova izame karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, watu wakiwa kwenye nchi kavu wanaona kwa macho yao, mimi sipandi chombo cha maji kabla ya kujua jile (makoti ya kuokolea) ziko wapi. Nilizitafuta, nikaziona juu chini ya paa, na mfereji ni mwembamba, ukuta uko huku na huku, moyo ukatulia. Lakini niliwaza wale wamama wa Minova na mizigo yao. Kule mtu kwa pesa isiyofika dola moja anaenda kazini kwa maji na jioni anarudi kwa watoto wake. Sisi tuna ziwa zima.

Nyota yenye nimekata ni ya saa. Jioni boti zinaisha mapema, na wikendi ni mapema zaidi. Jumamosi nilichelewa Bobae na koli ya majinsi, kilo 20, nikakuta kituo kimefungwa, na taksi mbili zikakataa kuwasha mita, wakati mita inaanza bati 35. Ya tatu ilitaka 300, nikalipa kwa sababu sikuwa na namna.

Kulala nilichukua kitanda kwenye chumba cha watu 8, bati 280, safi. Chakula tafuta mchele wao wa kunata, khao niao, unaukanda kwa vidole kama bugali, na mishikaki ya bati 10. Mtu wa Goma hawezi kushindwa pale.

Beba dola mpya zisizokunjwa, noti za 100 zinapata bei nzuri kuliko ndogo, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiangalia kabla ya pasipoti. Kutoka uwanja wa ndege chukua treni ya bati 45 mpaka Phaya Thai, teremka, fuata ile barabara kwenda kusini kama kilomita moja mpaka daraja la Hua Chang. Ngazi za kushuka kwa boti ziko pale pale chini ya daraja. Shika sarafu mkononi.