Mbizi ya majaribio Visiwa vya Medes: kituo kiko sawa, ila hesabu ya risasi za kuzamia

Nilizamia na kituo kimoja cha L'Estartit, Hispania, kwenye miamba ya Visiwa vya Medes. Mbizi ya majaribio, mwisho mita 12, mwalimu ubavuni. Anayeanza namshauri aende. Uvuvi kuzunguka visiwa hivi umepigwa marufuku tangu 1983, ndiyo maana chewa wakubwa hawakimbii mtu. Mmoja alisimama kama mkono mmoja kutoka usoni, mapezi ya pembeni yakipepea taratibu, jicho likizunguka kunikagua.

Walichokosea ni risasi, yaani vipande vizito vya madini vinavyofungwa mkandani ili mtu azame. Nilifungiwa mkanda wa kilo 5 juu ya suti ya milimita 7, na suti nene namna hiyo inaelea kama boya. Halafu Mediterania ina chumvi nyingi kuliko bahari yetu ya Hindi, kama gramu 38 kwa lita dhidi ya 35. Ukiwa mwepesi utapiga mapezi kwa nguvu ili ushuke, na hewa itaisha mapema. Dai kupimwa kando ya mashua: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida umeishika, maji yakufike machoni, ukitoa pumzi, uzame. Kama mtungi wa hewa umejaa, ongeza kilo 2. Mtungi wa lita 12 ambao shinikizo lake limeshuka kutoka baa 200 hadi 50 hupoteza uzito wa kiasi hicho, nawe utaanza kupaa palepale mita 5 unapotakiwa kutulia dakika 3 ukiwa unarudi juu.

Masikioni walinisimamia vizuri sana. Unashuka na kamba ya boya, unabana pua na kupuliza polepole kila nusu mita, kabla hayajauma. Yakigoma, panda mita moja ujaribu tena. Ukilazimisha utaumiza ngoma ya sikio. Ukuta wa mwamba nao unasaidia, maana ukiutazama unajua mara moja kama unazama au unapaa.

Ukingo wa kofia ya mpira usiingie chini ya miwani, la sivyo itavuja mbizi nzima. Usiegemee mwamba, una nungunungu wa baharini. Ukiona rundo la makombe mbele ya tundu, chungulia: huenda pweza yumo.

Agosti maji ya juu ni vuguvugu, lakini ukishuka mita chache baridi inakupiga ghafla. Suti nene usiikatae. Upepo wa tramontana ukivuma kutoka kaskazini, ahirisha.

Na kupanda ndege, baada ya mbizi moja, kusiwe kabla ya muda wa saa 12 kupita; mbizi mbili, muda wa saa 18.