Mkeka wa mvuke wa kuyeyushia mawese kontenani: uzoefu wangu Kampala

Jambo la kwanza ambalo wauzaji hawakwambii mpaka uulize: mkeka huu, ambao mvuke hupita ndani yake, hutandikwa sakafuni mwa kontena la futi 20 kabla fleksitanki, yaani mfuko mkubwa wa kusafirishia mafuta, haijajazwa, hukohuko inakopakiwa. Ukisahau kuuagiza, mzigo ukishafika Namanve, nje kidogo ya Kampala, hakuna wa kuinua tani 20 za mawese yaliyoganda ili autie chini.

Mimi nauchukua kuliko ule wa umeme. Piga hesabu: kupandisha tani 20 kutoka digrii 22 hadi 50 kunakula kama uniti 300, na hapo hujagusa joto la kuyeyusha mgando wala linalopotelea kwenye mabati. Umeme ukikatika usiku, kazi inarudi nyuma. Boila ya mvuke inayowaka kwa maganda ya kahawa haina maneno hayo.

Fungua mlango wa kulia tu. Utakuta midomo miwili ya mkeka: mmoja wa kuingizia mvuke, mwingine wa kutolea maji. Hosi ya maji iteremke moja kwa moja. Ikilegea katikati maji yanatuama, mvuke unayapiga, unasikia kama mtu yumo ndani na nyundo, na muda si mrefu viungo vinaachia. Anza na mvuke kidogo hadi maji yatoke ya moto, ndipo upandishe, bila kupita presha iliyoandikwa kwenye mkeka.

Mawese hupakuliwa kwa digrii 50 hadi 55. Stearini, ile sehemu ngumu ya mawese, hutaka 60 hadi 70, kwa hiyo soma kwanza lebo ya mfuko kama unahimili. Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, inasema joto lisipande zaidi ya digrii 5 kwa saa 24, maana yake kutoka 22 hadi 50 ni siku tano na ushee. Kwa mafuta ya kula naifuata kanuni hiyo. Ya kiwanda cha sabuni, sijibani sana.

Haraka ndiyo inayoharibu. Chini kunayeyuka, juu kunabaki gogo, pampu inavuta kidogo kisha inakauka. Pitisha mkono juu ya kizuizi cha mlangoni ubonyeze mfuko: ukitoa wimbi, tayari, ukiwa mgumu kama mche wa sabuni, subiri. Vali ikiziba, izungushie gunia lililolowa maji ya moto, si moto wa gesi. Viungo vya shaba usiweke kabisa, vinayachachisha mafuta.

Ikibaki robo, funga mvuke, la sivyo kilichobaki kinaungua juu ya mkeka. Mwishoni vijana wawili wenye gambuti wanaukunja mfuko kutoka ukuta wa ndani kuja mlangoni.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeondoka kwa sababu mkeka ni wa safari moja: unabaki na rundo la plastiki linalonata mafuta, na mwenye kontena anataka kontena lake likiwa safi.