Lua 5.4: usomaji wa mstari kwa mstari umekaa sawa, ila chunga namna ya kuijenga

Kwa kuchambua logi na CSV, `io.lines`, fanksheni ya kusoma faili mstari kwa mstari katika lugha ya programu ya Lua 5.4, inafanya kazi safi sana. Siri iko kwenye fanksheni fupi, `read_line`, ndani ya `liolib.c`, faili la msimbo wa C wa Lua yenyewe.

Thamani yake utaiona ukirudi kwenye Lua 5.1. Kule intapreta ilichota mstari kwa `fgets`, fanksheni ya lugha ya C, na `fgets` haikuambii imesoma baiti ngapi. Ikabidi `strlen`, inayohesabu mpaka ikutane na baiti ya sifuri, ipite tena juu ya baiti zilezile kuzihesabu. Kupita mara mbili ni hasara, lakini ubaya mkubwa ni baiti ya sifuri (`\0`) ikiwa ndani ya mstari. Chukua faili lenye mstari `abc\0def`, chini yake `ghi`. `strlen` inasimama kwenye sifuri na kusema 3; `def` inapotea pamoja na alama ya mstari mpya, na unachopewa ni `abcghi`. Mistari miwili imegandana bila kosa lolote kutangazwa.

Tangu 5.3 herufi zinasomwa moja moja. Hilo lingekuwa zito, kwa sababu `getc` ya kawaida, fanksheni ya C ya kusoma herufi moja, hufunga na kufungua kufuli la faili (linalozuia nyuzi mbili za programu kuligusa kwa pamoja) kwa kila herufi. Dawa yake: bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea herufi kwa muda) inatayarishwa kwanza, kufuli linafungwa mara moja kwa `flockfile`, kisha `getc_unlocked` inajaza mpaka mstari uishe au bafa ijae (baiti 1024 kwenye mashine ya biti 64), ndipo kufuli linafunguliwa. Mpangilio huo una sababu. Kuomba kumbukumbu kunaweza kushindikana, na kosa la Lua huruka nje ya fanksheni moja kwa moja. Kama lingetokea ndani ya kufuli, faili lingebaki limefungwa. Hapa ndipo unaona umakini wa waandishi wake.

Lakini yote hayo yanategemea `LUA_USE_POSIX`, swichi inayowashwa wakati wa kujenga Lua kutoka msimbo wake. Ukijenga kwa `make generic` unarudishiwa `getc` ya kawaida, na kasi inashuka bila onyo. Kwenye Linux tumia `make linux`.

Jingine zuri la 5.4: ukitoka kwenye kitanzi cha `for` kwa `break`, faili lililofunguliwa na `io.lines` linafungwa papo hapo. Zamani lilisubiri mkusanya taka, anayefuta vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu.

Kasoro zipo. Faili lililotoka Windows, likisomwa kwenye Linux, linabaki na `\r` mwishoni mwa kila mstari, kwani Windows humaliza mstari kwa `\r\n`. Iondoe kwa `(s:gsub("\r$", ""))`, na mabano ya nje yasisahaulike kwani `gsub` hurudisha vitu viwili. Pia hakuna kikomo cha urefu: faili la GB 2 lisilo na mstari mpya litaingia lote kwenye kumbukumbu.

Kwa faili kubwa lenye mistari mifupi, kutengeneza stringi kwa kila mstari ndiko kunakokula muda. Chota kipande kutoka faili `f`, kisha malizia mstari uliokatika kwa `"L"` (mstari pamoja na alama yake ya mwisho):

`local k, baki = f:read(65536, "L")`
`if k then k = k .. (baki or "") end`

Na ukisoma namba kwa `io.read("n")`, alama ya mstari mpya inabaki nyuma, hivyo `io.read("l")` inayofuata, ambayo husoma mstari, inakupa stringi tupu. Ziombe pamoja: `io.read("n", "l")`.